Macho na Miguu: Jinsi Ugonjwa wa Devic Ulivyotambuliwa

Kama mtoto amelala, sogeza kiti karibu na redio. Kama bado analia, mnyonyeshe huku ukisikiliza. Leo nina hadithi ya kweli kuhusu ugonjwa mmoja adimu ambao madaktari walichukua zaidi ya miaka 100 kuuelewa. Nakusimulia kwa sababu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kwa sababu mtu wa nyumbani anaweza kumsaidia daktari kuutambua kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Tuseme ni dada yako. Anaamka asubuhi jicho moja linauma akilizungusha. Baada ya siku mbili tatu anaona ukungu, kama mtu anayetazama kupitia neti ya mbu. Anapewa dawa ya matone. Miezi sita inapita. Sasa miguu inaingia ganzi, inakuwa mizito, na mkojo unafungana. Anapelekwa hospitali nyingine, kwa daktari mwingine, na hakuna anayekumbuka kutaja lile jicho. Pengine katikati ya hayo mawili alishikwa na kwikwi na kutapika kwa majuma mawili, akatibiwa vidonda vya tumbo. Nyumbani watu wananong'ona kwamba ametupiwa kitu, kwani ni ugonjwa gani huo unaoruka kutoka jichoni hadi miguuni?

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Mabingwa wa Ulaya nao walijiuliza hivyo hivyo.

Kabla hatujafika huko, tukumbushane mwili ulivyo. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, kuanzia shingoni kushuka hadi karibu na kiuno, mna kamba laini yenye unene kama wa kidole kidogo. Wataalamu huiita ugwe wa mgongo. Ni kama waya mkuu wa stima. Ubongo ukitaka mguu uinuke, ujumbe hupitia humo. Mkojo na choo pia hungoja amri kupitia njia hiyo. Mshipa wa fahamu wa jicho nao ni sehemu ya ubongo wenyewe, iliyonyooshwa mpaka nyuma ya jicho. Kwa hivyo jicho na mguu, ukivitazama kutoka ndani, ni majirani.

Tusichanganye ugonjwa huu na homa ya uti wa mgongo. Ile huletwa na viini vinavyoingia katika ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na ugwe, na baadhi ya viini hivyo tunawachanja watoto dhidi yake. Hapa Kenya chanjo ya Hib ilianza kutolewa mwaka 2001, na ile ya nimokoka mwaka 2011. Ugonjwa wa leo hauambukizi. Ni askari wa mwili wako mwenyewe, wanaoitwa kingamwili, ambao wamekosea adui. Sehemu waliyoishambulia huvimba na kuwaka kama kidonda, ingawa kwa nje huoni kitu.

Sasa twende Ulaya, karne ya 19. Kabla ya miaka ya 1850 madaktari hawakuwa na chombo cha kuonea vizuri ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyetengeneza kifaa kidogo cha kioo na mwanga, akakitangaza mwaka 1851. Kile kitochi ambacho daktari wa macho huchungulia nacho mpaka unahisi pumzi yake shavuni, ni mjukuu wa kifaa hicho.

Mwingereza mmoja aliyefanya kazi mjini Leeds, Daktari Thomas Clifford Allbutt, alikitumia sana. Huyu Allbutt umefaidika naye ingawa huenda hujasikia jina lake: katika miaka ya 1860 alitengeneza kipima joto kifupi cha kuweka mfukoni. Vile vya kabla yake vilikuwa virefu kama rula, na mgonjwa alikaa navyo dakika 20 hivi. Cha Allbutt kilitaka dakika 5. Basi Allbutt alichungulia macho ya wagonjwa wa mgongo, na mwaka 1870 akaandika kwamba baadhi ya wenye ugonjwa wa ugwe wana ugonjwa machoni pia. Hakuweza kueleza sababu. Lakini alikuwa ametazama juu, wakati mgonjwa analalamikia chini.

Miaka hiyo hiyo, mjini Paris, Daktari Jean-Martin Charcot alikuwa katika hospitali ya Salpêtrière, iliyojaa maelfu ya wanawake maskini, wazee na wagonjwa wa siku nyingi. Aliwafuata kwa miaka, akaandika dalili zao, na walipofariki akachunguza ubongo wao. Mwaka 1868 alieleza ugonjwa unaoacha makovu yaliyotawanyika katika ubongo na ugwe. Leo unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Wanafunzi wa udaktari hulijua jina la Charcot. Majina ya wale wanawake waliolala kitandani wakimfundisha hayajulikani, na mimi naona hiyo si haki. Lakini shika hilo jina la MS, maana ndilo lililokuja kuufunika ugonjwa wetu kwa muda mrefu.

Tunafika mwaka 1894, mjini Lyon, Ufaransa. Katika mkutano wa madaktari, Daktari Eugène Devic alieleza habari za mgonjwa wake, mwanamke wa miaka 45. Alianza kwa unyonge, huzuni nyingi, na maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa. Baada ya mwezi mkojo ukafungana, miguu ikapooza kabisa, na macho yakapofuka. Majuma machache baadaye akafariki.

Mgonjwa mmoja hatoshi kuupa ugonjwa jina. Mwanafunzi wa Devic, Fernand Gault, akaingia katika maandishi ya madaktari wengine na kukusanya wagonjwa 16 wa namna hiyo, mmoja wa daktari huyu, mwingine wa daktari yule. Walipowekwa pamoja katika tasnifu yake, mwaka huo huo wa 1894, sura ya ugonjwa ikaonekana. Ukapewa jina refu lenye asili ya Kigiriki, neuromayelaitisi optika, maana yake mwako wa mishipa ya macho na wa ugwe. Sisi tutauita ugonjwa wa Devic.

Angalia vifaa alivyokuwa navyo Gault: karatasi, wino na subira. Hakuwa na picha ya ndani ya mwili, wala kipimo cha damu cha kumwambia ndiyo au la. Alichofanya ni kuunganisha jicho na mguu katika sentensi moja.

Miaka mitatu kabla ya mkutano wa Lyon, kulikuwa kumetokea jambo jingine ambalo linakuhusu sana wewe mama. Mwaka 1891, Daktari Heinrich Quincke wa mji wa Kiel, Ujerumani, alitangaza njia ya kuingiza sindano nyembamba sehemu ya chini ya mgongo na kutoa maji yanayozunguka ubongo na ugwe. Alikuwa anatafuta namna ya kupunguza maji yaliyowabana watoto kichwani. Mwaka huo huo London, Daktari Walter Essex Wynter naye alitoa maji hayo kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na kifua kikuu. Baadaye ikaonekana kwamba maji yenyewe yana habari nyingi kuliko faida ya kuyapunguza.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu sindano hii ndiyo inayowagombanisha wazazi na madaktari wodini. Utasikia, "Mtoto wa fulani alitolewa maji ya mgongo akafa." Mara nyingi mtoto huyo alikuwa na homa ya uti wa mgongo iliyokwisha kumlemea, sindano ikaja mwishoni, ikabeba lawama. Wengine husema sindano hupoozesha. Sikiliza: kwa mtu mzima ugwe huishia juu kidogo ya kiuno, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya sehemu hiyo. Kwa mtoto mchanga hushuka kidogo zaidi, karibu na ya tatu. Sindano huwekwa chini ya hapo, mahali ambapo pana maji na nyuzi za neva zinazoelea, kama mizizi ndani ya maji, ambazo husogea sindano ikija. Mtu anaweza kuumwa na kichwa siku chache baada yake, hilo ni kweli. Na kuna wakati daktari mwenyewe huahirisha, akiona dalili kwamba shinikizo kichwani ni kubwa mno. Ukiwa na hofu, usimbebe mtoto ukakimbia. Muulize, "Daktari, mnatafuta nini katika maji haya?" Ni haki yako kujibiwa kwa lugha unayoielewa.

Wanatafuta viini kwanza. Katika nchi yetu mtu akipoteza nguvu za miguu au fahamu, daktari mwenye akili haanzi na ugonjwa adimu. Ataulizia malaria iliyopanda kichwani, jambo ambalo watafiti wa KEMRI huko Kilifi wamelichunguza kwa watoto tangu mwaka 1989. Ataulizia kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho, VVU, kaswende na ukosefu wa vitamini ya B12. Kwa hivyo usikasirike dada yako akipimwa VVU na ulikuja na shida ya miguu. Hawamshuku tabia. Wanafunga milango mmoja mmoja.

Na mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, kuna utaratibu maalumu: lazima taarifa itolewe, na choo chake kichukuliwe mara 2, kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Sababu ni polio. Hata kama daktari anadhani ni mwako wa ugwe, choo hicho kitachukuliwa. Wakikuomba, usione haya, na usikitupe.

Turudi kwenye hadithi. Baada ya Devic, giza likatanda kwa karibu miaka 100. Vitabu vingi viliuhesabu ugonjwa wake kama tawi la MS, kwa kuwa zote mbili hushika macho na ugwe, hupoa, kisha hurudi. Huko Japani madaktari waliona wagonjwa wengi walioshikwa machoni na mgongoni tu, wakasema hiyo ni MS ya Kijapani, ya macho na mgongo.

Na Afrika je? Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba MS ni ugonjwa wa watu wa nchi za baridi. Basi Mwafrika akija na jicho na mguu, jina lake halikuwamo kitabuni. Lakini huko Ibadan, Nigeria, Profesa Benjamin Osuntokun, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa magonjwa ya neva katika bara hili, aliandika mwaka 1971 kuhusu magonjwa aliyoyaona katika hospitali yake, na ugonjwa wa Devic ulikuwamo. Leo hesabu za nchi mbalimbali zinaonyesha hivi: kati ya Wazungu 100,000 utapata mgonjwa mmoja hivi, kati ya watu wa Asia ya Mashariki, 3 au 4, na kati ya watu weusi wanaweza kufika 10. Bado ni wachache. Mji mzima wa watu laki moja, wagonjwa 10. Lakini ona kwamba ugonjwa uliokaa muda mrefu ukiitwa tawi la ugonjwa wa Wazungu, sisi ndio unaotupata zaidi.

Mwanga ulianza kurudi na mashine. Mwaka 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Kisha ikaja MRI, inayotumia sumaku kubwa badala ya eksirei, na mwaka 1981 madaktari wa London wakaonyesha kwamba inaona makovu ya MS yaliyokuwa yakifichika. Kwa mgonjwa wa Devic picha ya mgongo ilileta ishara muhimu. Katika MS kovu la ugwe kwa kawaida ni fupi. Katika Devic mwako mara nyingi hujinyoosha kwa urefu wa pingili 3 za uti wa mgongo au zaidi, kama nguo iliyolowa kuanzia kola hadi kiunoni. (Mashine yenyewe ina kelele nyingi kama mtu anayegonga mabati, na unalala ndani ya tundu. Mwambie mgonjwa wako mapema, asije akadhani imeharibika. Na kabla ya kulipa, uliza kama SHA au bima yako inagharamia.)

Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 71 wa Devic. Waliona kwamba kwa wengi ugonjwa hurudi tena na tena, na kwamba kila shambulio huacha hasara yake. Ndani ya miaka 5, zaidi ya nusu ya wale ambao ugonjwa uliwarudia walikuwa vipofu wa jicho moja au yote mawili, au hawawezi kutembea bila msaada. MS kwa kawaida haina haraka hiyo. Hapo watu wakaanza kushuku kwamba hawa si ndugu wa tumbo moja.

Jibu lilitoka kwenye chupa za damu. Katika maabara ya Mayo Clinic, Profesa Vanda Lennon, mwanasayansi aliyezaliwa Australia, alikuwa akipima damu za wagonjwa kwa kuzimwagia juu ya vipande vyembamba vya ubongo wa panya, kuona kingamwili zitashika wapi. Alikuwa anatafuta magonjwa mengine. Mara damu chache zikatoa mchoro usio wa kawaida, ukifuata kingo za mishipa midogo ya damu. Walipofungua mafaili, wenye damu hizo wengi walikuwa na jicho na mguu.

Wakalifuatilia. Mwaka 2004 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 45 wa Devic wa Amerika ya Kaskazini, 33 walikuwa na kingamwili hiyo, na wagonjwa wengi wa MS ya kawaida hawakuwa nayo. Kati ya Wajapani 12 waliodhaniwa wana MS ya macho na mgongo, 7 walikuwa nayo. Kwa hiyo ile iliyoitwa MS ya Kijapani, kwa sehemu kubwa, ilikuwa Devic yenyewe.

Mwaka uliofuata, 2005, wakajua kingamwili hiyo inashambulia nini. Ni protini iitwayo akwaporini-4, mlango mdogo wa kupitishia maji katika chembe zinazotunza ubongo. Familia ya milango hiyo iligunduliwa na Mmarekani Peter Agre, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Milango hii imejaa hasa katika mishipa ya macho, katika ugwe, na katika sehemu ndogo ya chini ya ubongo inayotawala kutapika. Basi swali la nyumbani likapata jibu. Ugonjwa haukuruka kutoka jichoni hadi miguuni. Ulikuwa unafuata milango.

Na zile kwikwi? Mwaka 2005 hiyo hiyo, madaktari wa Japani waliandika kuhusu wagonjwa wa Devic waliokuwa na kwikwi na kichefuchefu visivyokoma, na picha ikaonyesha mwako katika sehemu ile ya chini ya ubongo. Mtu wa kawaida hushikwa na kwikwi akanywa maji, yakaisha. Hizi huendelea siku nyingi, usiku na mchana, na dawa za tumbo hazisaidii. Zinaweza kuja majuma kadhaa kabla ya jicho au mguu. Sisemi kila kwikwi ni Devic, mama, utaniletea kijiji kizima kliniki! Nasema kwikwi au kutapika kwa zaidi ya siku 2, bila mimba, bila sumu ya chakula, bila homa, ni neno la kumtajia daktari. Na mtu huyo akiwa aliwahi kupoteza kuona kwa jicho, mtajie leo hii.

Utauliza, kuna tofauti gani ukiitwa Devic au MS, kama zote ni mbaya? Tofauti ni kubwa. Baada ya dawa za MS kupatikana katika miaka ya 1990, wagonjwa wa Devic waliohesabiwa kuwa na MS walipewa dawa hizo hizo. Kufikia mwaka 2010 taarifa kutoka Japani na kwingineko zilikuwa zinaonyesha kwamba interferoni, dawa ya MS iliyotumika sana, haiwasaidii, na wengine iliwazidishia mashambulio. Mgonjwa anachomwa sindano kwa uaminifu, na ugonjwa unazidi. Jina la ugonjwa lilikuwa linaamua nani atabaki na macho.

Zamani pia, ili uitwe mgonjwa wa Devic, ilibidi uumie mara mbili: jicho liwe limeguswa na ugwe uwe umeguswa. Mwaka 2015 kamati ya madaktari wa nchi mbalimbali ilibadilisha kanuni hiyo. Mwenye kingamwili ya akwaporini katika damu sasa anaweza kutambuliwa kwa shambulio moja tu, jicho pekee, au ugwe pekee, au hizo kwikwi, mradi magonjwa mengine yameondolewa. Huhitaji tena kungoja miguu ipooze ndipo uaminiwe kuhusu jicho. Kipimo chenyewe hakipatikani kila hospitali. Huenda damu ikatumwa maabara ya mbali, na majibu yakachukua muda. Shambulio halingoji majibu. Daktari akiridhika kwamba si viini, huanza dripu ya steroidi ya nguvu kwa siku kadhaa, na isipotosha, hospitali kubwa zinaweza kusafisha damu kwa mashine ili kupunguza kingamwili. Hapa siku huhesabiwa. Jicho lililokaa gizani majuma manne likingoja miadi huenda lisirudi.

Baada ya hapo huja dawa za kuwatuliza wale askari, ambazo hunywewa au huchomwa kwa miaka. Nyingine, kama azathioprini, ni za zamani. Tangu mwaka 2019 zimeidhinishwa dawa mpya kadhaa mahususi kwa Devic huko Marekani, ingawa bei yake inatisha. Mgonjwa akijisikia vizuri asiziache kwa shauri la jirani. Na wewe mama mwenye ugonjwa huu, ukitaka mtoto, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba. Baadhi ya dawa hudhuru mimba, na miezi ya kwanza baada ya kujifungua ndiyo ugonjwa hupenda kurudi. Usiku huo wa kunyonyesha, macho yakianza ukungu, usiseme ni usingizi.

Na watoto wetu? Devic ya akwaporini kwa watoto ni nadra zaidi. Lakini wana binamu yake. Watafiti waliendelea kupima damu za wagonjwa waliofanana na wa Devic bila kuwa na kingamwili ya akwaporini, na vipimo vilipoboreshwa kuanzia karibu mwaka 2007, kingamwili nyingine ikajitokeza wazi, iitwayo MOG. Hushambulia ngozi ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, kama mpira unaofunika waya. Mwaka 2023 ugonjwa wake ulipata kanuni zake za kimataifa za utambuzi. Mtoto hupatwa mara nyingi baada ya mafua au homa nyingine: homa yenyewe imepoa, halafu siku chache au majuma mawili baadaye anachanganyikiwa, analala mno, anayumba akitembea, au anapata degedege. Surua nayo huleta mwako wa ubongo wa namna hii kwa mtoto mmoja hivi kati ya 1,000 wanaougua, ndiyo sababu ile chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18 si ya kurukwa. Habari njema ni kwamba watoto wengi wenye MOG, wakitibiwa mapema, hurudi kucheza.

Kabla hatujaagana, chukua kalamu na ukurasa wa nyuma wa daftari la shule. Andika jina la mgonjwa wako. Chini yake andika: jicho, lipi, mwezi gani, lilirudi au halikurudi. Kwikwi au kutapika, siku ngapi. Ganzi, ilianzia wapi na kupanda hadi wapi, kwenye goti, kwenye kitovu au kifuani. Mkojo, ulifungana lini. Dawa zote alizopewa, hata za mitishamba, bila kuficha. Kama kuna picha za zamani za hospitali, zifunge kwa nailoni zisilowe, uende nazo. Kama familia inafanya maombi au dua, fanyeni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali. Ukurasa huo mpe daktari mkononi, hata akionekana ana haraka. Fernand Gault alihitaji tasnifu nzima kuunganisha mambo hayo. Wewe unayajua tayari, kwa sababu uliyaona jikoni.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu kifafa, na kwa nini kijiko hakitakiwi mdomoni mwa mtoto anayetetemeka. Kwa leo, kwaheri.